La Kulia

Kaka yangu alizikwa na jino lake. Ndivyo mama alivyokuwa akisema, na kwa miaka mitano hakuongeza neno juu ya hapo. Watu wengine wakiulizwa husema mtu wao alikufa kwa ajali ya barabarani au kwa malaria. Mama alisema, "Walimzika na lile jino," kana kwamba kama tungeling'oa kwanza, hata akiwa ndani ya sanduku, jambo fulani lingebadilika.

Kaka alikuwa akifanya kazi katika mji mdogo wa Salama, pale kwenye barabara kuu, kwa fundi wa magurudumu. Kazi yake ilikuwa kuziba pancha za malori. Jino lilipoanza kumuuma, wenzake walimpa dawa waliyoijua wao, pamba iliyochovywa kwenye maji ya betri. Walimwambia maji hayo huua jino, na kweli liliacha kuuma kwa siku mbili. Siku ya tatu shavu likavimba. Alifika kwetu Nuu siku ya sita, shingo imejaa mpaka huwezi kuona kidevu kinapoishia. Hakuweza kumeza mate. Alikuwa na taulo begani la kuyapangusa. Mimi nilikuwa darasa la nane. Nilitumwa kumpelekea uji, na nilipomfikishia aliutazama, akautazama tena, akatikisa kichwa. Alifia hospitali Mwingi siku ya pili yake.

Kwa hiyo jino langu lilipoanza, sikumwambia mtu.

Mimi si mtu wa kusema. Maji ya kisima chetu yana chumvi, na meno ya wengi wetu ni ya rangi ya chai ya rangi. Tangu nikiwa mdogo nilijifunza kuongea nikiwa nimeinamisha kichwa, halafu polepole nikajifunza kutoongea. Shuleni nilikuwa nikiandika majibu vizuri, ingawa taratibu, lakini mwalimu akiniuliza kwa mdomo nilisimama tu mpaka aniambie nikae. Baada ya darasa la nane sikuendelea. Nilibaki nyumbani na mbuzi na shamba, na hapo hakuna anayekuuliza maswali.

Lazima nieleze jino lilikuwa wapi, kwa sababu mambo yote yaliyofuata yametokana na hilo. Kwa Kikamba mkono wa kulia tunauita mkono wa wanaume, na wa kushoto tunauita mkono wa wanawake. Jino lililoniuma lilikuwa upande wa wanawake, chini, la pili kutoka nyuma. Upande wa wanaume, mahali palepale, kulikuwa na jino jingine lenye shimo jeusi. Hilo halikuwa limewahi kuniuma hata siku moja.

Mama aligundua kwa chakula. Tulikuwa tunakula muthokoi, na mahindi yake hata yakichemshwa vipi hutaka kutafunwa. Mimi nilikuwa nikimeza.

"Nau," aliniambia, "unameza kama kuku. Una haraka ya kwenda wapi?"

Huniita nau, yaani baba yangu, kwa sababu nilipewa jina la baba yake. Nikamwambia sina haraka. Akaweka sahani yake chini. Akanishika kidevu, akanigeuza uso kuelekea mlangoni penye mwanga, akanifungua mdomo kwa kidole gumba kama anavyofungua mbuzi kumpa dawa.

"Upande gani?"

"Wa wanawake."

Hakuniuliza limeuma tangu lini. Alichukua sahani yangu akawamwagia kuku ule muthokoi, akakoroga uji. Nilimwona anakoroga huku hautazami, uji ukawa unaruka na kumwagikia majivuni.

Mwingi kulikuwa na kliniki ya meno ambayo watu wa kanisa letu waliijua. Wenye kliniki ni Waislamu, familia iliyotoka Pwani ikakaa Mwingi tangu kabla sijazaliwa. Ukutani waliandika Kliniki ya Meno ya Familia, na mimi nilipoisoma nilidhani familia inayosemwa ni sisi wagonjwa. Kumbe ilikuwa wao. Baba ndiye daktari, mama ndiye anayempa vyuma na kushika taa, na binti yao hukaa mezani mbele akiandika majina kwenye kadi. Ilikuwa Alhamisi. Tulikaa kwenye benchi pamoja na mzee mmoja aliyejifunga leso kutoka kidevuni mpaka utosini kama mtu anayezuia kofia isipeperushwe.

"Hiyo yako ni jino ama ni jipu?" mzee aliniuliza.

Nikatazama miguu yangu.

"Ni jino," mama akanijibia.

"Basi aangalie. Huko ndani ukiongea sana wanang'oa na ulimi." Akacheka, kisha akajishika shavu kwa maumivu. "Lakini huyu sioni shida. Huyu ulimi wake hata hawataupata."

Mama hakucheka. Nilipoitwa alisimama na mimi, akafika kwenye mlango wa chumba cha ndani, akaona trei yenye vile vyuma, akarudi nyuma hatua mbili.

"Nitakaa hapa nje," alisema. "Ingia wewe. Nikiviona hivyo nitaanguka, halafu watakuwa na wagonjwa wawili."

Niliingia peke yangu. Daktari alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye ndevu nyeupe zilizokatwa fupi. Mikono yake ilinukia sabuni.

"Karibu, mwanangu. Lala hapo. Haya, achama."

Neno hilo sikuwa nimelisikia maishani mwangu. Mimi nilisikia acha. Nikadhani kuna kitu ninafanya vibaya, nikaondoa mikono kwenye kiti, nikaiweka tumboni.

"Achama," akasema tena.

Nikaondoa na miguu. Nikakaa wima, tayari kushuka.

Mkewe alianza kucheka. "Maskini, adhani wamwambia aache. Mwambie afungue mdomo."

Daktari naye akacheka. "Sisi husema achama, baba. Ni kufungua mdomo. Wala usiogope."

Hawakunicheka kwa ubaya. Ningekuwa mimi ningecheka pia. Lakini nilihisi masikio yakiwaka moto, na hapo kwenye kiti nikaamua kwamba chochote nitakachoulizwa tena nitajibu ndiyo, ili tumalize.

"Linauma ukinywa maji baridi?"

"Ndiyo."

"Na ukila je?"

"Ndiyo."

"Chakula huingia shimoni?"

"Ndiyo."

Alikuwa ameinama, taa inaniwaka machoni, na anaangalia ndani ya mdomo wangu. "La kulia, sivyo?"

Kwetu tungesema ya kukulia. Lakini nilikuwa nimeshajifunza kwamba mtu huyu ana Kiswahili chake kizuri, na tulikuwa tumetoka kuzungumza habari ya kula. Nikaona ndivyo watu wa Pwani wanavyoita gego, jino la kulia chakula, si lile la mbele la kuchekea.

"Ndiyo," nilisema. "La kulia."

Ninajua kulia na kushoto. Nilifundishwa kwenye gwaride na nikaandika kwenye mtihani. Kama angeninyooshea kidole barabarani akaniuliza duka liko wapi, nisingekosea. Lakini maneno hayo mimi ninayo kichwani mahali pa shule. Mdomo wangu ni wa nyumbani, na nyumbani pande zake zinaitwa kwa majina mengine.

Aligonga jino la upande wa wanaume kwa chuma chembamba. Nikaruka. Sikuruka kwa sababu liliuma. Wakati huo hata angenigonga goti ningeruka.

"Ndilo," alimwambia mkewe, na mkewe akampa sindano.

Sindano iliingia mara mbili, upande wa wanaume. Mara ya kwanza nilifikiri anaanzia mbali ili afike karibu. Kisha akatoka kunawa mikono, akaniambia tungoje dawa ishike. Nikabaki nikitazama dari. Polepole mdomo wangu wa chini ukaanza kufa upande ule, kuanzia kona mpaka katikati, ukasimama hapo kama umekatwa na kisu. Upande wa wanawake jino langu liliendelea kupiga kama kawaida.

Hapo nilijua.

Ninataka kuandika jambo hili vizuri, kwa sababu watu waliosikia habari hii husema daktari alinikosea, na mimi huwaacha waseme. Nilikuwa na kama dakika kumi. Mdomoni hamkuwa na chuma, ulimi ulikuwa bado unafanya kazi nusu yake, na mke wa daktari alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwangu akikunja vitambaa. Maneno yaliyohitajika yalikuwa mawili tu, siyo hili. Niliyaandaa. Niliyapanga hata sauti. Kisha nikawaza labda mizizi ya meno hupita chini ikavuka. Labda dawa huwekwa huku ili ikafanye kazi kule. Nikawaza kwamba huyu ni daktari, amesoma, na mimi ni mtu ambaye dakika chache zilizopita hakujua maana ya kufungua mdomo. Mke wa daktari aliniuliza kama ninasikia ganzi. Nikasema ndiyo.

Jino lile lilitoka kwa shida kwa sababu lilikuwa na nguvu bado. Sikusikia maumivu, nilisikia sauti tu, kama mtu anayevunja kuni ndani ya kichwa changu. Daktari alikuwa akitoka jasho. Lilipoanguka kwenye bakuli la chuma, alinipiga begani.

"Kijana mwanamume," alisema. "Hukutoa hata neno."

Nilitoka nikiwa nimeuma pamba. Mama alikuwa amefumba macho, midomo yake inacheza. Alipofumbua akaniona nimesimama, alinyanyua mikono yote miwili juu, pale pale mbele ya binti wa daktari na yule mzee mwenye leso.

"Limetoka?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Kwa kweli lilikuwa limetoka jino.

Siku zile mama alikuwa mtu mwingine. Aliimba akichota maji. Alimwambia kila jirani tuliyekutana naye njiani, na kila jirani alitaka kunitazama shavu. Ijumaa maumivu yalizidi. Jumamosi fizi ilianza kujaa upande wa wanawake, na mama alipoona shavu limeinuka kidogo hakushtuka. Alijua jino lilikuwa upande huo, na mtu akishang'olewa jino huvimba. Alinikanda kwa kitambaa cha maji ya moto, taratibu, huku akinisimulia kwamba kaka angekuwa anajenga sasa. Nilikuwa nikimtazama na siwezi kumwambia. Kila nikitaka kuanza naona ile mikono yake miwili iliyonyanyuliwa pale kliniki.

Jumapili alisimama kanisani kutoa ushuhuda.

"Bwana asifiwe."

"Amina."

"Mnanijua. Mnajua nilivyomzika mwanangu. Mara ile adui alinikuta nimelala. Safari hii nilikuwa macho. Nimempeleka mtoto, jino limeng'olewa, na mtoto ni huyu hapa."

Mhubiri akaniambia nisimame watu wanione. Nikasimama. Walipiga makofi. Nilishika benchi la mbele yangu kwa sababu kila kofi nililisikia jinoni, na mate yalikuwa yamenijaa mdomoni, na nilipojaribu kuyameza niliona ni kazi. Niliyameza, ndiyo. Lakini nilikumbuka lile taulo.

Mama mmoja wa kwaya alinishika mkono tukitoka. "Usijali hilo shavu, kijana. Limekupendeza. Umekuwa kama mtu aliyeshiba."

Jumatatu asubuhi mama alinipa kikombe cha maji ya chumvi nisukutue. Mdomo haukufunguka vizuri, maji yakamwagika kifuani. Akaniambia nikae kizingitini, penye jua. Alisema atanisafisha mwenyewe kwa pamba. Nilitaka kukataa, lakini nilikuwa nimechoka, na nadhani sehemu moja yangu ilitaka aone. Aliingiza kidole upande wa wanawake. Kidole kikasimama. Akakitoa, akakifuta kwenye kanga, akakiingiza tena. Nilimsikia akihesabu kwa sauti ndogo kutoka mbele kwenda nyuma. Kisha akahesabu upande wa wanaume, akafika kwenye pengo.

"Nau, hili ni nini?"

"Ni jino."

"Na hapa?"

"Ni shimo."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Lini?"

"Kabla hajaling'oa."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alikaa chini pale mlangoni, miguu ameinyoosha mbele yake kama mwanamke anayepokea watu wa matanga, kikombe cha chumvi bado mkononi. Alikaa hivyo mpaka kivuli cha mlango kikahama kutoka magotini mwake. Kisha alinishika chini ya taya kwa vidole vinne, akabonyeza, akasikiliza kama anayesikiliza kitu kwa mbali. Alikuwa akitafuta shingo ya kaka.

"Meza," alisema.

Nikameza.

"Tena."

Nikameza tena. Akasimama, akafunga nyumba, tukaondoka.

Kliniki ilikuwa na watu, lakini mama hakukaa kwenye benchi. Alinishika mkono kama mtoto, akapita meza ya binti, akaingia chumba cha ndani, palepale aliposhindwa kuingia Alhamisi. Daktari alikuwa akinawa. Mama hajui Kiswahili sana, na kile anachokijua kilimkimbia. Akaanza kwa Kikamba, haraka. Daktari akamwita binti yake atafsiri. Binti alizaliwa Mwingi na anaongea Kikamba kama sisi.

"Anasema linalomuuma ni la upande wa wanawake," binti alisema. Alimtazama baba yake, akaona hajaelewa. "Yaani kushoto, Baba. Wao kushoto huita hivyo."

Daktari aliniangalia shavu. Akaomba kadi yangu, akaisoma, akaisoma tena. "Gego la chini, kulia," alimwambia binti yake. "Nilimuuliza. Nikamuuliza la kulia, akasema ndiyo, la kulia. Mama yako alikuwapo."

Mkewe akakubali kwa kichwa.

Binti alinigeukia. Aliniuliza kwa Kikamba, kwa sauti ya chini kama anayenisaidia. "Wewe ulimwambia ni la kulia?"

"Nilisema ni la kulia chakula," nikajibu.

Nilijibu kwa Kiswahili, na wote wakasikia. Hakuna aliyecheka. Mke wa daktari aliweka mkono mdomoni. Binti aliinamisha uso kwenye kadi. Mama ndiye pekee ambaye hakuelewa, akawa anatutazama mmoja mmoja, na ikabidi binti amweleze kwa Kikamba neno hilo moja lina maana ngapi. Ilichukua muda. Nilimwona mama akilirudia kimya kimya, kulia, kulia, kama mtu anayepima kitu mkononi.

Daktari alivuta kiti kidogo akaketi, ili awe chini ya mama. "Mwambie kosa ni langu," alimwambia binti. "Nilitakiwa kumpa kioo anionyeshe kwa kidole chake mwenyewe. Namwomba msamaha." Kisha akanigeukia. "Lakini wewe, mwanangu, ganzi iliposhika hukujua?"

"Nilijua."

"Na kwa nini hukusema?"

"Niliona unajua," nilisema.

Mama hakumjibu habari ya msamaha. Alisema maneno mawili, na binti alichelewa kuyatafsiri.

"Anauliza, atakufa?"

Daktari hakusema hapana. Nilimheshimu kwa hilo, hata siku ile. Alinibonyeza chini ya taya mahali mama alipobonyeza, akaniambia nimeze, akaniambia nitoe ulimi. Alisema uvimbe bado uko shavuni, haujashuka shingoni. Alisema atautoa usaha na jino leo hii, anidunge dawa, na kama saa yoyote nitashindwa kumeza au pumzi ikawa nzito, tusije kwake, twende moja kwa moja hospitali kuu. Kisha akamwambia mama jambo ambalo binti alilitafsiri huku ananitazama mimi. Mahali penye usaha ganzi haishiki vizuri. Nitasikia.

"Atoke nje?" daktari aliuliza. "Mwambie akipenda angoje nje."

"Sitoki," mama alisema, kwa Kiswahili.

Safari hii nilipewa kioo. Niliweka kidole juu ya jino lenyewe na nikasema, "Hili." Daktari akauliza mara tatu, na mara zote tatu nikasema hili.

Nilisikia kila kitu. Sitaeleza sana, kwa sababu siwezi. Alipokata fizi kitu kilipasuka na ladha yake ilikuwa kama ya chuma na mayai yaliyooza, na harufu ikajaa chumba, hata mke wa daktari akageuza uso. Mama alikuwa amenishika miguu juu ya vifundo. Daktari alipoanza kuvuta, nilipiga kelele kubwa kuliko zote nilizowahi kupiga. Walinisikia mpaka benchini. Mama alizidi kunikamata miguu, na kila nilipopiga kelele alisema, "Sema, nau. Sema. Sema." Nilikuja kuelewa baadaye kwamba hakuwa akinituliza.

Lilitoka likiwa vipande viwili. Daktari alipotaka kuviweka kwenye bakuli, mama alinyoosha kiganja.

"Nipe."

Daktari alisita, kisha akavisuuza, akampa. Mama alienda navyo dirishani. Alikiunganisha kipande na kipande kwa vidole vyake, mpaka likawa jino, la kahawia juu na jeusi katikati.

"Ni kajino haka tu?" aliuliza.

Binti akatafsiri. Daktari akasema ndiyo, mama, ni hilo tu.

"Lake lilikuwa kama haka?"

Binti hakujua anazungumzia nani, wala daktari. Mimi ndiye niliyejua, na nilikuwa na pamba mdomoni. Mama akawaeleza mwenyewe, kwa kifupi, habari ya Salama na maji ya betri na shingo. Daktari alivua miwani yake.

"Lilikuwa kama hilo," alisema. "Pengine dogo zaidi."

Mama akafunga kiganja. Alipofungua mdomo tena aliuliza habari ya lile la kwanza, lile la Alhamisi, liko wapi. Daktari akasema vitu hivyo huchomwa. Mama akauliza kama lilikuwa bovu pia. Daktari angeweza kusema ndiyo, na tungeondoka. Alisema lilikuwa na shimo, lakini lingezibika.

Nilidungwa dawa siku tano. Uvimbe ulishuka polepole, na kila asubuhi mama aliniambia nimeze mara mbili akiniangalia koo. Jino lenyewe alilitupa chooni siku ileile tuliporudi, bila kusema kitu, akanawa mikono kwa sabuni, akaweka uji jikoni. Jumapili iliyofuata mhubiri alimwita aendeleze ushuhuda, maana habari ilikuwa imeshafika kanisani. Alitikisa kichwa akabaki amekaa. Mimi nilikaa kando yake, na watu walisubiri kidogo, kisha wakaimba.

Siku hizi niko Nunguni, ninachuma kabichi kwenye shamba la watu. Huku kuna baridi, na asubuhi upepo huingia kwenye yale mapengo mawili, moja upande wa wanaume na moja upande wa wanawake, na najifunga kitambaa mdomoni. Ninatafuna kwa meno ya mbele, taratibu. Bosi akiniuliza kitu nisichokielewa, wakati mwingine nasema sijaelewa. Wakati mwingine bado nasema ndiyo.

Nikienda nyumbani mama hunifungua mdomo mlangoni kabla hajanipa chakula. Na mgeni akija akauliza habari za kaka, mama bado husema walimzika na lile jino. Lakini sasa haishii hapo. Huinua mkono wake, huweka kidole gumba kwenye ncha ya kidole cha mwisho, na kumwonyesha mgeni.

"Kadogo hivi," husema. "Kadogo hivi tu."